Bafa Zilizofungwa na Vidole vya Tausi

Kazi niliyostaafia, wanangu, ilikuwa kukataliwa. Asubuhi nafika, nakaa, naiomba mashine kitu, inaninyima, naandika: imefaulu. Mke wangu mpaka leo hajaielewa. Majirani zangu hapa Nachingwea walidhani nacheza kamari ya mtandaoni, maana mtu mzima anayeshinda chumbani mbele ya runinga na kutoka jioni macho mekundu atakuwa anafanya nini kingine? Sasa nyinyi mnaosomea kompyuta mnaniuliza ilikuwa kazi gani. Nitawaeleza, ila msisome huku mnachati. Kuna mahali humu patawataka mtulie.

Filamu au mechi mnayolipia haiji wazi. Inakuja imefumbwa, na king'amuzi au simu yako inaifumbua ndipo uone. Ikishafumbuliwa, inakaa kidogo kwenye memori ikiwa uchi, na hapo ndipo mwizi anapoivizia. Kwa hiyo watu wakatengeneza sehemu za memori zilizofungwa. Sisi tuliziita bafa za siri. Kinachofumbua kinaandika humo, kioo kinachukua picha kutoka humo, basi. Hata kerneli, yaani kile kiini kinachoamuru kila kitu ndani ya mashine, hairuhusiwi kuchungulia. Na kerneli tuliyoipima ilikuwa ya programu huria. Msimbo wake uko wazi, mtu yeyote duniani anausoma na kuurekebisha. Ni kama nyumba ambayo kila mtu ana ramani yake, na bado ina chumba kimoja asichoingia mtu. Sisi tulilipwa kuusukuma mlango wa chumba hicho kila siku iendayo kwa Mungu.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa runinga na ving'amuzi. Nilizunguka na begi langu Nachingwea, Ruangwa, mpaka Namungo kwa wachimba dhahabu, ambako kibanda cha mpira kinajaa kuliko nyumba yoyote ya ibada, Mungu anisamehe. Siku moja mwenye kibanda aliniita nimfungie projekta. Nikafunga, picha safi, nikasifiwa, nikapewa na soda. Mechi ikaanza, mara ukuta ukawa mweusi. Sauti ikabaki. Mtangazaji anapiga kelele za goli, sisi tunatazama giza. Wale watu wametoka shimoni na vumbi lao, hawana muda wa maelezo. Mmoja alinimwagia maji ya kunawia. Mwingine akataka kujua nimetumwa na timu gani. Kumbe kiunganishi nilichotumia kilikuwa cha bei chee, hakikujua kujitambulisha kwa king'amuzi, na king'amuzi kikaona hapa kuna wizi, kikafunga picha. Nilitoka pale mbio, begi kichwani, na soda sikumaliza.

Habari ile ilimfikia Tausi. Alicheka sana, kisha akanipa kazi.

Tausi alikuwa Mmwera wa Mandawa, umri wa mwanangu wa kwanza. Alisoma Dar, na kampuni moja ya huko ilipopewa kazi na watu wa nje ya kupima hizo bafa, ikamtaka abaki mjini. Akawaambia mama yake yuko peke yake na mikorosho, kwa hiyo atafanyia kazi Nachingwea au hafanyi kabisa. Wakakubali, wangempata wapi mwingine. Akapanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akafunga betri za kutuokoa umeme unapokatika, akaweka meza tatu. Ya kwanza yake, ya pili yangu, ya tatu ya Rehema, mama mmoja wa Marambo aliyekuwa na watoto wa kusomesha na akili inayowaka. Mimi nilimwita Tausi "Mwalimu." Mwanzoni ilikuwa kebehi, maana sisi Wamakua tukikutana na Mmwera ulimi unawasha kwa utani. Baadaye ikawa kweli.

Siku zangu za kwanza niliendesha vipimo vyote kwenye boksi la kupimia, king'amuzi cha majaribio tulicholetewa, na vyote vikafaulu. Kila bafa niliyoigusa ilinikataa. Nikajiona mjanja, nikamwita aje aone. Akaja, akatazama, akachomoa waya wa umeme wa lile boksi la kupimia.

"Mzee Anselmi, pima tena."

Nikapima. Vyote vikafaulu tena. Mashine imezimika, na mimi kwenye kompyuta yangu naandika imefaulu, imefaulu.

"Maiti hajakukatalia, mzee," akasema. "Hana habari tu kama upo."

Hilo likamateni, wanangu, hata kama mengine mtayasahau. Kipimo ambacho ushindi wake ni kunyimwa kitakudanganya kirahisi. Lazima kwanza uchukue bafa ya kawaida, uandike kitu unachokijua, ukisome, ukikute. Hapo umethibitisha mashine iko hai na mkono wako unafika. Ndipo, kwa mkono uleule, uende kwenye ile iliyofungwa. Ukikataliwa, usishangilie. Soma umekataliwa kwa sababu gani, maana mlango unaweza kushindikana kufunguka kwa sababu umefungwa, au kwa sababu umekosea nyumba. Rehema aliwahi kutuandikia ripoti nzima ya nyumba isiyo yake, tukamtania mpaka akatishia kutuacha na chai yetu bila sukari.

Halafu rudisha bafa, uiombe upya kama bafa ya kawaida, uangalie ndani. Inatakiwa uzikute sufuri tupu. Tausi ndiye aliyegundua kwamba wakati mwingine hazikuwa sufuri. Mashine ilikuwa inapokea bafa iliyotumika na kuigawa tena bila kuifuta, kama nyumba ya wageni isiyobadilisha shuka, na ndani mlikuwa na mabaki ya picha ya mtu wa kabla yako. Aliandika kwa wale wanaotunza kerneli. Mmoja wao akamjibu kwa ukali kwamba haiwezekani. Mimi ningemtukana. Tausi akamtumia kipimo kidogo, mistari michache, akamwomba akiendeshe mwenyewe. Yule bwana akakiendesha, na mwanya ukazibwa. Tuliagiza pilau siku hiyo. Naukumbuka mwanya ule kwa uchungu, na mtaona kwa nini.

Sasa kuna jambo linalowashangaza watu. Ukishafunga memori hivyo, mashine yenyewe haijui inaonyesha nini. Huwezi kuiuliza, "Picha imetoka sawa?" Ukijaribu kuinakili inakupa nyeusi. Kwa hiyo mtu lazima akae, atazame kioo kwa macho yake. Kwa miaka yangu yote pale, macho yangu ndiyo yalikuwa kipimo.

Na unatazama nini? Filamu za watu hatukuwa na ruhusa nazo, tukatengeneza video yetu. Rehema alishika kamera, mimi nikashika taa. Tausi akasimama mbele ya ukuta mweupe, kando ya meza yake, na kitambaa chekundu kichwani ili tupime rangi. Akainua mkono wa kulia akahesabu kwa vidole, kimoja hadi vitano, akafunga ngumi, akaanza tena. Fremu, yaani picha moja kati ya zile zinazopita, ikiruka, kidole kinaruka. Picha ikichelewa, kidole kinasita. Video ile ikafumbwa kwa ufunguo uliochomwa ndani ya maboksi yetu ya kupimia na si kwingine popote. Ile ya wazi tukaifuta, kama mkataba ulivyotaka.

Msimu wa mvua uliofuata, Tausi alikwenda kwao Mandawa Ijumaa mchana kama kawaida yake. Kumbe alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu utotoni. Hakutuambia, hakuwa mtu wa kujisemea. Ulimzidi Jumamosi. Walimpakia kwenye pikipiki, katikati ya mwendeshaji na mjomba wake aliyemshikilia kwa nyuma, barabara imekuwa tope tupu, na alikata roho kabla hawajaifikia lami. Tulimzika kwao. Mimi Mkatoliki nilisimama pembeni wakati wa dua, viatu vimezama kwenye udongo, nikalia kama nisivyowahi kumlilia hata kaka yangu.

Jumatatu nikafungua chumba. Ujumbe ulikuwa unasubiri: toleo jipya la kerneli limetoka, lipimwe. Nikawasha boksi. Akatokea. Kitambaa chekundu, mkono juu, kimoja, viwili, vitatu.

Rehema alitoka nje. Mimi nikabaki, kwa sababu mmoja alipaswa kubaki.

Tuliomba tubadilishiwe video. Kampuni ikatujibu kwa upole kwamba matokeo yote ya nyuma yamelinganishwa na video ile, tukiibadilisha tunaanza upya, na mteja hatakubali. Nilielewa sababu yao. Ilikuwa sababu nzuri, na niliichukia. Kwa hiyo tukaendelea kumtazama marehemu, mara nyingi kwa siku, miaka na miaka. Wataalamu wa nje waliopokea ripoti zetu hawakumjua hata kwa jina, walimwita Kitambaa Chekundu. "Kitambaa Chekundu amekatika kwenye kidole cha nne," wanaandika, na mimi najibu, nimeona, narudia. Mwanzoni nilikuwa nikimaliza kazi nakwenda kukaa kanisani bila kusali. Baadaye likanikuta baya zaidi, nikazoea. Nilikuwa nakunywa chai namtazama.

Mama yake hakuwa na kitu cha kutazama. Simu ya Tausi ilikuwa imefungwa kwa alama ya kidole chake, na kidole tulikuwa tumekizika. Ndugu mmoja kwa nia njema akaipeleka kwa fundi simu, fundi akaipiga flashi, ikawaka safi kabisa, haina kitu. Bi Somoe, ndilo jina la mama, akabaki na picha moja ya kitambulisho ambayo Tausi amekaza uso kama aliyechelewa basi. Nilikuwa nampitia nikienda upande wa Ruangwa, nampelekea sukari na salamu za Rehema. Alikuwa ananikaribisha vizuri, ananipa muhogo, kisha anauliza lilelile.

"Baba Anselmi, ati wewe unamwona kila siku?"

"Namwona, Mama."

"Anatembea?"

"Hatembei. Amesimama, anahesabu."

Ananisogezea muhogo. "Na mimi nataka nimwone ntoto wangu anahesabu."

Najua mnachotaka kuuliza. Si ungepiga kwa simu yako? Simu zetu zilibaki kwenye kasha mlangoni, kamera ilikuwa ukutani, na tulisaini wote. Mmoja akivunja, chumba kinafungwa, na Rehema ana watoto. Niliandika kuomba ruhusa, nikakataliwa. Nikaandika tena nikieleza ni mama mzazi, nikajibiwa kwa huruma kwamba kumbukumbu za maabara hazitoki. Siku moja nilifanya nisichowahi kumwambia mtu. Niliendesha kile kipimo cha mabaki, si kwa kazi, kwa nia. Nilicheza video, nikarudisha bafa, nikaiomba tena, nikatafuta ndani kipande chochote cha uso wake. Sufuri. Ule mwanya ambao ungenipa picha, Tausi mwenyewe ndiye aliyefanya uzibwe. Nilikaa pale nimeshika kichwa, na kwenye skrini ya kompyuta neno langu limeandikwa kama kawaida: imefaulu.

Bi Somoe akawa anazeeka. Akaanza kukohoa, akapungua, na mikorosho yake akawa anapuliziwa dawa ya salfa na watu wengine. Kila nilipoagana naye niliondoka na hofu kwamba atafukiwa kando ya mwanawe bila kumwona.

Kisha kazi ikaisha. Mteja alikuwa na mashine mpya ya kutazama kioo badala ya macho ya wazee, akavunja mkataba. Sikumlaumu, hiyo mashine haikojoi wala haiumwi mgongo. Dada aliyekuwa anatusimamia kutoka Dar alinipigia akasema maboksi yote yatumwe kwa basi yakavunjwe.

"Yafike lini?" nikamuuliza.

"Jumatatu yawe huku, mzee." Akashusha sauti. "Leo ni Alhamisi. Mimi sijasema zaidi ya hapo."

Mungu ambariki popote alipo. Ijumaa asubuhi nililifunga boksi moja ndani ya kanga mbili za mke wangu, nikapanda basi mpaka Ruangwa, kisha bodaboda. Kilikuwa kiangazi, ufuta umesimamishwa mashambani kwa miganda ukikauka, na vumbi lile mnalijua. Nililipakata boksi kama mtoto mchanga. Dereva akaniuliza nimebeba bomu? Nikamwambia nimebeba mwalimu wangu, akapunguza mwendo.

Tausi alikuwa na mjomba, Issa, yule aliyemshikilia kwenye pikipiki. Yeye ndiye mwenye sola na runinga ya kutosha. Nilipofika kwa Issa, niliyekuwa nimempigia simu amwambie dada yake, Bi Somoe alikuwa bado nyumbani kwake. Tukamsubiri. Alipotokea alikuwa ameoga, amevaa gauni lake la sikukuu, amejifunga kanga mpya, amepaka na mafuta. Alikuwa amejiandaa kupokea mgeni. Issa akageukia ukutani akajifuta uso.

Nikaunganisha. Runinga ikawa nyeusi. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka, nyeusi. Jasho likanitoka, nikaona watu wa Namungo wanarudi na maji yao. Issa akaenda jirani akaja na waya mwingine, nikachomeka huo.

Akatokea.

 Video ile haina sauti. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Ngumi. Issa akainua simu yake arekodi, na mimi sikumzuia. Ilipokwisha Bi Somoe akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Nilingoja alie, nilijiandaa kwa hilo, lakini hakulia. Alikuwa anatazama kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Mara ya nne akasogea kwenye mkeka mpaka akaifikia runinga, akaweka kidole chini kabisa, pembeni ya picha.

"Nkono huu mwingine unafanya nini?"

Nikainama nitazame. Nawaambia wanangu, nilikuwa nimeitazama picha ile kuliko uso wa mke wangu. Rangi ya kile kitambaa ningeweza kuitambua katikati ya soko. Na nilikuwa sijauona mkono wa kushoto. Ulikuwa pale, chini, kwenye ukingo wa meza. Haukuwa umewekwa. Ulikuwa umeshikilia, vifundo vimetokeza, mkono mzima umekaza mpaka begani.

"Ameshika meza, Mama."

"Amejishikiza," akanisahihisha. "Ntoto wangu moyo ukimbana anashika kitu. Tangu ndogo. Anashika nguzo, anashika nguo yangu hapa. Hasemi. Ndomo anauficha, nkono hawezi. Mimi nikiona nkono, namwambia kaa chini. Anakaa, inapita."

Kwenye kioo Tausi alikuwa anahesabu, anatabasamu kidogo.

"Siku hii wewe ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, Mama. Nilishika taa."

"Na baadaye ukaendelea kumwangalia."

"Miaka yote."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo, ningejua pa kuiweka. Alikuwa anauliza tu, kama anavyouliza mtu aliyepotewa na mbuzi kwa waliokuwa njiani.

"Hukuona?"

 Nilikuwa na maneno mengi, ya ugonjwa wake uliofichwa, ya mkataba, ya taa iliyoniumiza macho. Nikampa lile moja lililokuwa kweli.

"Nilikuwa naangalia vidole, Mama."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaniacha, akairudia runinga, akauweka mkono wake wote juu ya ule mkono wa kushoto, na akasema na mwanawe kwa Kimwera, sauti ya chini, sauti ya nyumbani. Kimwera changu ni kidogo, lakini hilo nililielewa. Alikuwa anamwambia akae.